Vyama vya wafanyakazi vilizaliwa na gildi za mafundi wa kale, au vilizaliwa kwa kuzipinga?

#1 Nyundo Kali

Wakuu, salaam.

Nimebishana na mwenzangu kazini hadi chai ikapoa. Yeye anasema chama cha wafanyakazi ni kitu cha viwandani, kabla ya injini ya mvuke hakikuwepo. Mimi nasema mzizi uko mbali zaidi, kwenye gildi, yaani vile vyama vya mafundi wa miji ya Ulaya katika karne za kati. Waokaji, wafumaji, washona viatu, wahunzi, kila ufundi ulikuwa na chama chake.

Gildi ndiyo iliyoamua nani aingie kwenye ufundi. Mwanagenzi aliishi kwa bwana fundi, akila na kulala hapo, Uingereza kwa kawaida miaka saba, ndipo atambuliwe. Kulikuwa na mfuko: mwanachama akifa chama kinazika, mjane anaangaliwa. Kulikuwa na kiapo, bendera na sikukuu ya mtakatifu wao. Sasa tazameni chama cha mafundi mitambo kilichoundwa Uingereza mwaka 1851, Amalgamated Society of Engineers. Mchango wa shilingi moja kwa wiki, fao la ugonjwa, fao la mazishi, fao la kukosa kazi, na huingii kama hukuutumikia ufundi. Hayo yote walijizulia tu? Mimi naona ni urithi. Karibuni.

#2 Mwanasheria Mpole

Mkuu, umeruka jambo kubwa. Nani alikuwa na sauti ndani ya gildi? Bwana fundi, mwenye karakana, mwenye zana na mwenye malighafi. Kwa lugha ya leo huyo ni mwajiri. Gildi ilisimamia ubora na mara nyingi bei, na ilijaribu kupanga ujira wa watu waliofanya kazi chini ya wanachama wake. Hapo mfanyakazi ndiye anayepangiwa. Ukitaka ndugu yake wa leo, katafute kwenye vyama vya waajiri.

Halafu kuna pengo. Ufaransa ilifuta gildi Machi 1791. Juni mwaka huo huo ikaja sheria ya Le Chapelier, iliyokataza na wafanyakazi kuungana. Vyama vyao vikaja kuruhusiwa kisheria 1884. Huo urithi ulipitia wapi miaka yote hiyo?

#3 Kijana wa Kariakoo

Naweka kambi hapa. Nyundo Kali leo kakutana na mwanasheria.

#4 Mwalimu wa Jioni

Naunga mkono #2, na ushahidi wangu ni Florence, Italia. Mji ule uliishi kwa sufu. Gildi ya sufu ilikuwa ya wafanyabiashara na wenye karakana. Wale wa kazi chafu, wachanaji na wachambuaji, hawakuruhusiwa kuwa na chama chochote. Mwaka 1345 mchanaji mmoja, Ciuto Brandini, alijaribu kuwakusanya wenzake wachangie mfuko wa pamoja. Akakamatwa usiku, akanyongwa. Wachanaji wenzake waligoma kudai aachiwe, haikusaidia.

Julai 1378 watu hao hao, waliojulikana kama Ciompi, wakaliteka jumba la serikali na kumweka mchanaji mwenzao, Michele di Lando, kuongoza mji. Kabla Agosti haijaisha gildi nyingine zikaungana zikawapiga, na di Lando mwenyewe akawa upande wa wapigaji. Kwa hiyo ukiniuliza gildi ilimfanyia nini mfanyakazi wa kipato cha chini, nakujibu ilimtia kitanzi.

#5 Chuma cha Pua

Wote mnamtazama bwana fundi wa juu na mwanagenzi wa chini. Mmemsahau wa katikati: fundi aliyemaliza uanagenzi, anajua kazi barabara, ila hana karakana, anauza siku zake kwa bwana fundi. Huyu ndiye mwenye kesi.

Mwanzoni ilikuwa hatua ya kupita. Unafanya kazi miaka kadhaa, unaonyesha kazi yako mbele ya wazee wa gildi, unakuwa bwana fundi. Lakini kadiri karne zilivyosonga wazee wakafunga mlango. Ada ya kuingia ikapanda, kazi ya mtihani ikawa ya gharama, na mtoto wa bwana fundi akapita kwa masharti nafuu. Waliobaki nje wakaunda vyama vyao. Ujerumani walikuwa navyo tangu karne ya 14, na fundi aliyesafiri mji hadi mji alipata malazi na habari za kazi kwa wenzake. Ufaransa kulikuwa na compagnonnage, udugu wa siri wa mafundi wanaoizunguka nchi wakitafuta kazi.

Na waligoma. Mafundi waokaji wa Colmar waliondoka mjini mwaka 1495 kwa sababu walinyimwa nafasi yao ya heshima kwenye maandamano ya Sikukuu ya Ekaristi. Kesi ilizunguka mahakama hadi 1505. Miaka kumi, wakuu! Kwa hiyo chama cha wafanyakazi kilizaliwa ndani ya nyumba ya gildi, na kilizaliwa kikiwa na ugomvi na mwenye nyumba.

#6 Nyundo Kali

Chuma cha Pua, asante, umeniongezea risasi. Mwalimu, na wewe umenipa moja bila kukusudia. Hao Ciompi walidai nini walipoliteka jumba? Walidai gildi yao wenyewe, na wakapewa kabla ya kunyang'anywa. Hawakusema gildi zifutwe. Mtu anayepigania umbo fulani la chama hadi kumwaga damu, halafu uniambie umbo hilo halina uhusiano na alichojenga baadaye?

Na kuhusu pengo la Ufaransa: sheria ilifuta karatasi, haikufuta watu. Compagnonnage ilivuka marufuku yote na ilikuwepo bado katikati ya karne ya 19.

#7 Kaka wa Ughaibuni

Nachangia kutoka Marekani. Huku hakukuwa na gildi za maana. Bado mwaka 1794 mafundi viatu wa kuajiriwa wa Philadelphia waliunda chama, wakapanga ujira, wakakataa kukaa karakana moja na asiye mwanachama. Mwaka 1806 wanane wao walishtakiwa kwa njama ya kupandisha ujira, wakapigwa faini ya dola 8 kila mmoja pamoja na gharama za kesi. Ilibidi wasubiri hadi 1842, mahakama kuu ya Massachusetts iliposema kuungana peke yake si kosa.

Kilichotangulia chama chao ni soko. Wenye maduka walianza kuuza viatu kwa oda za mbali na kwa jumla, wakataka bei ya chini, na bei ya chini ilitoka kwenye ujira wa fundi. Gildi haimo kwenye hadithi hii.

#8 Dalali Mstaafu

Mnazunguka sana. Jibu liko Uingereza. Serikali ilipiga marufuku vyama mwaka 1824, watu wakakosa pa kusemea, ndiyo maana wale mafundi walioitwa Waluddi wakavunja mashine. Mashine ndizo zilizoleta vyama.

#9 Mwanasheria Mpole

Mzee wangu Dalali, heshima yako, ila miaka imepinduka. Marufuku ni ya 1799 na 1800. Waluddi walianza 1811 kule Nottinghamshire, na 1812 Bunge likafanya kuvunja mitambo ya kufumia kuwa kosa la kunyongwa. 1824 ndiyo marufuku ilipofutwa. Migomo ikalipuka, 1825 wakabana tena: chama ruksa, ila kumshawishi au kumzuia mtu asiende kazini ukabaki mtego.

Nikubali sehemu ya hoja yako: marufuku ilivifanya vyama viwe vya siri. Kulikuwa na sheria ya 1793 ya vyama vya kufa na kuzikana, hivyo wengi walijisajili huko. Mchana ni mfuko wa ugonjwa, usiku ni kikao cha ujira.

#10 Binti Pangani

Hapo ndipo pangu. Mnapigania gildi na soko, mnauacha mfuko wa kuzikana. Watu masikini popote walipo, kitu cha kwanza wanachochangia ni maradhi na msiba. Mfuko ukishakuwepo, mnajuana, mnaaminiana, mna mweka hazina na daftari. Mgomo unahitaji vitu hivyo hivyo.

Tazameni vibarua sita wa shambani wa kijiji cha Tolpuddle, Dorset. Ujira ulishushwa kutoka shilingi 9 kwa wiki hadi 7, wakatishiwa 6. Wakaunda chama cha udugu chenye kiapo. Mwaka 1834 wakahukumiwa kwa sheria ya viapo vya siri ya 1797, miaka saba uhamishoni Australia. Maandamano na maombi yakafuata London, 1836 wakasamehewa.

Wakulima wa kibarua hawakuwahi kuwa na gildi hata siku moja. Mashine ya kiwanda nayo haikuwapo shambani kwao. Nyundo Kali na Dalali, nani kati yenu anawaeleza hawa?

#11 Mwalimu wa Jioni

Dada Binti Pangani, swali zuri, ila ongeza dola. Sheria ya mwaka 1351 ya Uingereza, baada ya tauni kuua watu wengi na ujira kupanda, ililazimisha ujira urudi ulivyokuwa kabla. Sheria ya 1563 ikaweka uanagenzi wa miaka saba na kuwapa mahakimu wa wilaya kazi ya kupanga ujira kila mwaka. Kwa karne mbili na nusu fundi aliyeonewa alikuwa na pa kwenda kudai: hakimu na Bunge. Mafundi walipeleka maombi wakitaka sheria ile ya zamani itekelezwe. Bunge likajibu kwa kuifuta, kifungu cha ujira 1813, cha uanagenzi 1814.

Serikali ilipojitoa kwenye ujira, wafanyakazi wakabaki na wenzao tu. Hivyo ndivyo mimi ninavyouona mwanzo.

#12 Saidia Fundi

Mimi si msomi wa hayo ila nimeyaishi. Nilijifunza gereji moja, jina niliache. Unaosha spea kwa petroli, unatumwa chai, unashika tochi, mkononi hupewi kitu kwa sababu "unajifunza". Ukishajua kufungua injini bado unaitwa kijana wa fundi. Mteja akilipa, fundi mkuu ndiye anayeshika fedha. Tulikuwa vijana kadhaa pale na hatukuwahi kukaa kikao, kwa sababu kila mmoja wetu alijua kesho na yeye atafungua gereji yake. Maneno ya Chuma cha Pua kuhusu mlango nimeyaelewa vizuri sana.

#13 Hesabu ya Jioni

Saidia Fundi umenigusa. Niwape gildi ya leo: kijiwe cha bodaboda. Huwezi kuja na pikipiki yako ukapaki tu. Unalipa kiingilio, unaandikwa, unapewa namba ya foleni. Kuna mwenyekiti, katibu na mweka hazina, faini kwa anayeruka foleni, rambirambi mwenzetu akipata ajali. Nauli za karibu tumekubaliana, anayevunja bei anasimamishwa.

Ila ndani yetu kuna aina mbili. Kuna mwenye pikipiki yake, na kuna anayepeleka hesabu kwa bosi kila jioni, au yuko kwenye mkataba. Mafuta yakipanda, mwenye chombo anataka nauli ipande. Wa hesabu anataka hesabu ishuke. Na baadhi ya mabosi ni wanachama wenzetu wa kijiwe, wana pikipiki tatu nne. Ajenda ya hesabu haijawahi kufika kwenye kikao.

#14 Kijana wa Kariakoo

#13 funga uzi, Florence iko kijiweni. Ila usije ukaliteka jumba la mwenyekiti.

#15 Wa Likoni

Assalaam aleikum kutoka Mombasa. Mimi naona mnahangaika na mafundi, na vyama vilivyotikisa dunia havikuwa vya mafundi. Babu yangu alikuwa kuli Kilindini. Kazi ilikuwa ya kuchaguliwa asubuhi. Meli zikiwa chache unarudi nyumbani. Januari 1947 Chege Kibachia na chama chake waliitisha mgomo, mji ukasimama. Watu wapatao 15,000: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, watumishi wa majumbani. Wakikutana Kiwanja cha Maskini kila siku. Uanagenzi hapo uko wapi? Kuli haulizwi cheti.

#16 Chuma cha Pua

Ndugu wa Likoni, karibu. Marekebisho kidogo: mgomo ulianza tarehe 13 Januari bila chama kuuongoza. African Workers' Union ilizaliwa mgomo ukiendelea, baadaye ikaitwa Federation, na Kibachia akaja kuwa kiongozi wake. Agosti mwaka huo akakamatwa na kuhamishiwa Kabarnet, Baringo. Nalitilia mkazo kwa sababu linabadilisha mjadala: mgomo ndio uliokizaa chama. Dar es Salaam Septemba ile ile ya 1947 makuli waligoma kwanza, mgomo ukapanda na reli kwenda bara, chama cha makuli kikaundwa baada yake.

Na mfano wa Mombasa una kaka yake London, 1889. Makuli wa kuchaguliwa getini walidai peni sita kwa saa, wakakaa nje wiki tano, wakasaidiwa na michango mikubwa kutoka Australia, wakashinda.

#17 Wa Likoni

Nimepokea. Basi hata dhana ya mfuko ya Binti Pangani inayumba, maana babu zetu hawakuwa na daftari la mweka hazina.

#18 Binti Pangani

Hawakuwa na daftari la chama. Walikuwa na vyama vya ngoma, vyama vya watu wa kwao, majirani wa Majengo. Mtu mgeni mjini hakuzikwa na upepo. Kiwanja kile kilijaa watu waliokuwa wakijuana tayari.

#19 Mwanasheria Mpole

Niwaonyeshe kamba inayounganisha ubishi wa Nyundo Kali na ardhi yetu. Mwaka 1870 msomi Mjerumani, Lujo Brentano, aliandika kwamba vyama vya wafanyakazi ni warithi wa gildi. Mwaka 1894 wasomi Waingereza, Sidney Webb na mkewe Beatrice, wakamkatalia: walisema chama ni muungano wa kudumu wa watu wanaoishi kwa ujira, na hawakuona mlolongo wowote unaokiunganisha na gildi. Kwao chanzo ni pale wengi wa wafanyakazi wanapoacha kumiliki zana na malighafi na kubaki watu wa ujira maisha yao yote.

Sidney Webb huyo huyo ndiye Lord Passfield, Waziri wa Makoloni wa Uingereza kuanzia 1929. Septemba 1930 aliwaandikia magavana waruhusu vyama kwa sheria, lakini visajiliwe kwa lazima, kwa hofu kwamba bila uangalizi vitaangukia mikononi mwa wachochezi. Tanganyika ikapata sheria yake 1932, Kenya 1937. Kwa hiyo huku kwetu sajili ilitangulia vyama vingi. Ila Kenya Makhan Singh alikuwa ameanza kuwaunganisha wafanyakazi Nairobi tangu 1935, na mwaka 1950 akawekwa kizuizini hadi 1961.

#20 Dalali Mstaafu

Basi na mimi nitoe langu kama mtu niliyekatwa mchango wa NUTA, chama cha wafanyakazi cha taifa Tanganyika, kwenye mshahara. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walikamatwa, TFL, shirikisho la vyama, ikavunjwa, tukapewa chama kimoja kwa sheria ya Bunge, katibu mkuu akiteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, naye wakati huo huo ni Waziri wa Kazi. Gildi nayo ilipewa hati na mfalme au na mji, ikatoa utii, ikapata ukiritimba. Hiyo ndiyo gildi niliyoiona mimi. Nyundo Kali akitaka urithi, autafute kwenye hati.

#21 Nyundo Kali

Mzee Dalali, hapo nakupinga kwa heshima. NUTA haikuwahi kumzuia mtu kuingia kwenye ufundi. Gildi bila mlango wa kufunga si gildi. Kilichobaki cha gildi nitakitafuta kwa wapiga chapa wa Ujerumani: mafundi wenye uanagenzi mrefu, waliojua kusoma kuliko wafanyakazi wengi wa wakati wao, na mwaka 1873 ndio waliopata mkataba wa hali bora wa kwanza wa nchi nzima. Nguvu yao ilikuwa kwamba huwezi kumtoa mtu barabarani ukamweka kwenye kasha la herufi.

#22 Binti Pangani

Mlango wa kufunga, umesema vizuri. Uliwafungia nani? Kile chama chako cha 1851 kilipokea wanawake kwa mara ya kwanza 1943, kikiwa kimeshabadili jina, tena kwa sababu vita ilijaza wanawake viwandani. Kama kuna urithi wa gildi ambao siwezi kuukataa ni huo.

Na wanawake hawakusubiri. Julai 1888 wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, mashariki mwa London, walitoka kazini. Faini za kila kosa dogo, na fosforasi iliyokuwa ikiozesha mataya yao. Walishinda, wakaunda chama chao. Mgomo wa makuli alioutaja Chuma cha Pua ulikuja mwaka mmoja baadaye, upande huo huo wa mji, na baadhi ya hao wasichana walikuwa dada na mabinti wa makuli. Kwa nini hadithi inaanzia kwa baba zao?

#23 Mwalimu wa Jioni

Dada, kwa haki ya historia, kulikuwa na gildi za wanawake. Köln wasokota nyuzi walipata yao 1397 na watengeneza hariri 1437, na Paris ya karne ya 13 ilikuwa na gildi za wanawake wa hariri.

#24 Binti Pangani

Nazijua, Mwalimu. Hao wa hariri wa Köln wengi wao waliolewa na wafanyabiashara wa hariri. Mke anaongoza karakana, mume ananunua malighafi na kuuza kitambaa. Hao ni mabibi fundi wenye mtaji. Mimi nauliza msichana aliyesokota kwa ujira kwenye karakana zao alipeleka wapi malalamiko yake.

#25 Hesabu ya Jioni

Nimewasomea wenzangu wawili post ya #16 hapa kijiweni. Jumapili kuna kikao cha mwezi. Mwanasheria Mpole, naomba uniambie: sisi wa hesabu tukitaka kusajili chama chetu peke yetu, bila wenye vyombo, sheria inatutambua kama waajiriwa au kama wafanyabiashara?